Watu wa Mchezo wa Jumamosi

Mtongwe, Likoni
Jumatano, baada ya alasiri

Dada yangu Ummi,

Shikamoo, dada, na salamu zangu zimfikie shemeji na watoto wote, mkubwa kwa mdogo. Natumai barua hii itakukuta umekaa kitako, mguu umeunyoosha juu ya kiti, na ule uvimbe umeshuka. Nakujua hukai, basi kaa angalau mpaka umalize kuisoma. Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi. Ningekupigia simu, lakini simu yako ni ya nyumba nzima, na haya ninayokuandikia sitaki mtoto ayaokote akayatangaze jikoni. Mleta barua ni Kahaso, jirani yetu, anayekuja huko Vanga kufuata dagaa. Mpe maji ya kunywa na usimuulize kitu, maana hajui kitu.

Dada, roho yangu iko juu. Mchezo wetu ni Jumamosi hii, na usipochezwa Jumamosi hii hii, nitapotelewa na kitu ambacho sitakipata tena. Nitakuambia ni kitu gani. Lakini niache kwanza nikueleze mahangaiko yangu, kwa sababu ukianza na mwisho utaona nimerukwa na akili, na mimi nataka ujue nilivyofika hapa.

Kikundi chetu unakijua. Mimi natunga na kuelekeza, na shemeji yako Luqman, akishatoka ghalani Changamwe, ndiye sauti inayowaleta watu ukumbini. Safari hii tumetunga mchezo wa nyimbo tangu pazia linapofunguliwa hadi linapofungwa. Ni habari ya mume aliyejazwa maneno na majirani, akampa mkewe Salama talaka, kisha akazinduka, na mwishoni anamrejea mbele ya ukoo wote, vigelegele juu. Luqman ndiye mume. Salama alikuwa Zuleikha, yule binti mwenye sauti nyembamba uliyempenda ulipokuja Idi. Zuleikha hayumo tena mchezoni, na nafasi yake nimeishika mimi.

Mtu wa kwanza kuniponyoka alikuwa Ruth, mpiga kinanda. Alipata kazi hoteli moja ya Shanzu, ya kupigia wageni wakati wa chakula, na huwezi kumlaumu mtu kwa riziki yake. Nikazunguka makanisa ya huku kuanzia Shika Adabu mpaka karibu na kivuko, nikiwa na buibui langu, nimesimama nje ya mazoezi ya kwaya nikisikiliza nani ana mkono mwepesi. Mzee wa kwaya mmoja alidhani nimekuja kusilimu upande wao, akanikaribisha kwa furaha kubwa hata nikaona haya kumwambia nataka mpiga kinanda tu. Alinipa kijana mzuri, ila kila wimbo wangu akiupiga unageuka wa ibada. Wimbo wa umbeya wa majirani, dada, watu wanauitikia kwa unyenyekevu.

Wachezaji nao ni hadithi yao. Wasichana wawili wa kule Airport walikubali, wakaja mara mbili, kisha mmoja akaniambia mchumba wake hataki avuke maji kuja kukata kiuno Likoni. Nikamfuata mchumba mwenyewe kazini kwake. Nilimpa maneno matamu mpaka akakubali, na nikamuahidi kiti cha mbele, na sasa anataka naye apewe nafasi ya kusema jambo jukwaani. Nimempa. Atasema hodi.

Halafu kuna Nyale, fundi wa mbao. Jukwaani tunahitaji mlango wa nyumba, mlango wa kufunguka na kufungwa, maana mke anatolewa kwa mlango huo na kurudishwa kwa mlango huo. Nyale akakubali kuutengeneza, lakini riziki yake hasa ni vitanda na majeneza, na alitumia mbao na rangi zilizobaki. Wachezaji walipoinusa ile rangi wakagoma kupita. Ilibidi nipite mimi mwenyewe, nikitoka na kuingia, nikitoka na kuingia, mpaka wakaona haya wakanifuata.

Fundi wa spika ndiye aliyetaka kunitoa roho. Aliniambia bila wasiwasi kwamba Jumamosi ana harusi Kisauni, na harusi haiachwi kwa ajili ya mchezo. Dada, nilikwenda mpaka Kisauni kwenye nyumba ya harusi, nyumba nisiyoijua, nikakaa na wanawake wakichambua mchele, nikachambua nao, kisha nikamsihi mama wa bi arusi asogeze ngoma zake mpaka baada ya isha. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia sina kitu, ni mchezo tu. Nadhani hakuniamini, lakini alikubali.

Kila mtu kikundini ameniambia tusogeze tarehe. Ishaka, kijana wa taa, yule anayesomesha watoto Kurani chuoni jioni, hakusema hivyo, lakini wengine wote wamesema. Mwezi ujao ukumbi uko wazi, Ruth atakuwa na mapumziko, kijana wa kwaya atakuwa amezoea, rangi ya mlango itakuwa imekauka. Maneno yao yote ni kweli. Wiki iliyopita walikaa wakakubaliana bila mimi, wakaja kuniambia kwa upole, na mimi nikalia mbele yao. Nililia mpaka Nyale akaenda kusimama nje. Tangu hapo hakuna aliyetaja tena mwezi ujao.

Sasa nikuambie, dada. Ukimaliza hapa uichane barua hii.

Kabla ya haya yote, siku moja ya mazoezi Zuleikha alikuwa Utange kwenye msiba wa shangazi yake. Ili kazi isilale, nikasimama mimi mahali pake, karatasi mkononi, nikiwaza mambo ya pazia. Tukafika pale mume anapotoa talaka. Maneno yake ni kumtaja mke kwa jina lake na la babake. Luqman alikuwa amesimama karibu nami kuliko anavyosimama na Zuleikha. Akanitazama, akasema, "Mwanarehema binti Mbwana, nimekuacha talaka moja."

Watu walicheka mpaka wakapiga sakafu. Mimi nilicheka pia. Yeye mwenyewe akashika kichwa akasema ulimi umeteleza. Ishaka peke yake hakucheka. Tulipokuwa tunafunga ukumbi alitufuata kwa adabu, macho chini, akatuambia twende tukaulize.

Tulikwenda kwa Maalim wa msikiti wetu pamoja, kama watu waendao kuuliza nauli. Maalim akamuuliza Luqman alichosema, neno kwa neno, akamrudisha mara ya pili. Akasema, "Lau angemtaja yule wa kwenye mchezo, ningesema amesimulia hadithi. Lakini amekutaja wewe, mwanangu, na akamtaja marehemu babako. Talaka mzaha wake ni kweli. Hiyo ni moja." Kisha akanituliza. Akaeleza kwamba nimo katika eda, nikae nyumbani kwangu, na mume wangu ana ruhusa ya kunirejea wakati wowote kabla eda haijaisha. Hakuna mahari mapya wala kadhi. Ni kusema tu nimekurejea, na kurejea nako, akasema, mzaha wake ni kweli.

Nilimgeukia Luqman nikingoja aseme pale pale. Alimshukuru Maalim, akamwambia inshallah.

Njiani hakusema. Nyumbani hakusema. Alihamishia mto wake chumba cha mbele, na tangu siku ile ananisalimia vizuri, analeta samaki, anauliza kama gesi imekwisha. Hatujagombana, dada. Ningepata ugomvi ningeushika. Baada ya wiki kadhaa nilimuuliza wazi ananirejea au hanirejei. Alikuwa anafunga viatu vyake vya kazini. Akaniambia, "Sikukusudia, Rehema, wallahi sikukusudia. Lakini lilipotoka niliona nimepumua." Akamaliza kufunga viatu, akaenda kazini.

Hapo ndipo nilipoanza kuwatafuta watu.

Zuleikha hakuacha mchezo, dada. Nilimtoa mimi. Nilimwambia sauti yake haifiki nyuma, binti ambaye sauti yake inasikika mpaka barabarani, na alilia, na kwao wamenuna mpaka leo. Nilitaka nisimame mimi mbele ya Luqman katika wimbo wa mwisho. Kisha nikabadilisha jina la mke. Niliwaambia wenzangu kwamba Salama ni jina la jirani yetu, Bi Salama wa viazi karai, na atadhani tunamsema yeye na ndoa yake. Basi tuweke jina langu mimi, mimi siwezi kujisema vibaya. Wakacheka, wakaona ni utani. Mume akimrejea mke kwenye mchezo atasema Mwanarehema binti Mbwana, nimekurejea. Eda yangu inaisha siku chache baada ya Jumamosi, wewe ni mwanamke, unajua inavyohesabiwa. Wote hao niliowapigia magoti, fundi wa spika, kijana wa kwaya, mchumba wa kusema hodi, nilikuwa nakusanya mashahidi.

Najua utasema ni wazimu kutaka kurejewa na mtu kwa hila. Mimi pia nimejiambia hivyo mbele ya kioo. Lakini nimekaa na mtu huyu tangu sijui kupika wali usiungue. Hatukujaaliwa mtoto, na kila tulichozaa mimi na yeye ni nyimbo. Niliona akilisema tu, hata kwa midomo, hata kwa sababu limeandikwa, huenda akalisikia mwenyewe likamwingia. Kama lile la kwanza lilimpa pumzi, pengine na hili lingempa kitu. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Jana yalikuwa mazoezi ya mwisho. Watu wote walifika, dada, jambo ambalo halijatokea tangu tuanze. Taa ziliwaka, mlango ulifunguka, kijana wa kwaya akapiga wimbo wa umbeya hadi kila mtu akatingisha bega. Nilisimama katikati ya ukumbi nikawaangalia, nikaona nimewapata wote, hapana pengo hata moja, na nilifurahi kwa mara ya kwanza tangu siku ile kwa Maalim.

Tulipofika wimbo wa mwisho Luqman aliinua mkono, kinanda kikanyamaza. Akazungumza na watu wote, hakunitazama mimi. Alisema ana ombi dogo. Alipita kwa Bi Salama asubuhi, akamkuta anakaanga viazi, akamuuliza mwenyewe kama ataudhika jina lake likiimbwa. Bi Salama alifurahi sana, akasema atakuja na shoga zake wakae mbele. "Kwa hivyo tulirudishe jina la mwanzo," akasema. "Ndilo lililotungwa."

Alikuwa amekwenda mpaka kwenye karai la watu, dada. Alichelewa kazini kwa ajili hiyo. Miezi yote hii alikuwa na neno moja la kuniambia chumbani kwetu, akaona bora atembee mpaka kwa muuza viazi alikwepe.

Wote wakanigeukia, maana mimi ndiye ninayeamua. Ishaka juu ya ngazi yake ya taa alikuwa ameinamisha kichwa. Nikasema sawa, ndilo lililotungwa, tulirudishe. Kinanda kikaanza. Luqman akaja mbele yangu, akanishika mkono ule anaoushika mume wa mchezo, akasema Salama binti Omari, nimekurejea. Alilisema vizuri mno. Nyale alitokwa na machozi.

Basi mchezo upo Jumamosi, na hauna upungufu. Bado ana siku chache za kulisema nyumbani, bila taa, bila mtu, na mimi simuombi tena. Nitasimama nirejewe kwa jina la Bi Salama, naye atapiga vigelegele kule mbele na shoga zake, na mimi nitaimba furaha kama nilivyoitunga. Zuleikha nitamfuata kwao kesho kumuomba radhi, na kama atataka nafasi yake nitamwachia. Sidhani atataka.

Nakuomba uje, dada, kama mguu unakuruhusu. Sikuiti kutazama mchezo. Njoo Jumapili ukae nami, na eda ikiisha hajanirejea unichukue, maana nikitoka peke yangu kwa mlango wetu nitarudi.

Nisalimie watoto, umwambie mdogo kwamba mama mdogo wa Likoni anamkumbuka. Shemeji mwambie chochote utakachoona kinafaa, ila si haya. Mungu akuafu na aupe nguvu mguu wako, na akuhifadhi kwa ajili yangu, kwani sina mwingine wa kumwandikia maneno haya.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanarehema