Mashoto Apumzike

Jumatano, 6 Oktoba 1999

Kompyuta tena, mchezo wa besiboli, tangu mume wangu Khalfan alipotoka kwenda wizarani. Mchuzi umeshika chini. Timu yetu Khalfan hupanga wapigaji, warushaji wa akiba ananiachia mimi: nani aingie wa kwanza aliyeanza akichoka, nani apumzike. Besiboli nilijifunza Amerika. Mume wangu chuoni, mimi na televisheni, nje theluji.

Fainali ya michezo mitatu na timu ya Suleiman, binamu yake Khalfan. Jana tumeshinda, leo jioni tumefungwa. Kesho ndiyo ya kuamua. Mashoto kaingia zote mbili. Jina lake la Kizungu refu, nnamwita hivyo kwa mkono anaorushia. Hatuna bora kuliko yeye. Alama yake kwenye skrini sasa nyekundu, mkono umechoka. Akirushishwa tena ataumia. Nimemwambia Khalfan asimguse. Kasema sawa.

Alkhamisi, 7 Oktoba

Wanaume majlisi mbele ya kompyuta, mimi jikoni na sambusa. Khalfan huja kuomba maji, kumbe anataka ushauri. Wenzake hawajui. Leo kaja mchezo unakaribia kwisha, tunaongoza kidogo.

"Nimtie Mashoto?"

"Usimtie. Mtie yule mpya."

"Mpya atanifedhehesha mbele ya Suleiman."

"Mashoto ataumia."

Kaondoka, maji hakuyanywa. Kamtia. Mkono umekwenda, msimu ujao mzima hatorusha, na fainali tumepoteza. Nilikuwa nje ya mlango na sinia nikamsikia Khalfan: "Mke wangu ndiye aliyenambia nimtie. Ndiyo malipo ya kusikiliza wanawake."

Wakacheka. Nikaliweka sinia chini, nikarudi.

Mwaka mzima tunashinda, sikutajwa. Tumeshindwa ndiyo nimetajwa.

Ijumaa, 8 Oktoba

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Habari imenitangulia. "Nasikia siku hizi wewe ndiye kocha," kaniambia mbele ya watu wote. Mke wa Suleiman kainama, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Khalfan alikuwa anasikia. Anachambua miiba ya samaki kama hajapata kuona samaki.

Ndani ya gari kasema ulikuwa mzaha tu. Nimemuuliza mbona yeye hakucheka. Kaongeza kiyoyozi.

Nnamchukia leo. Naandika hivyo hivyo.

Jumamosi, 9 Oktoba

Khalfan kaniuliza kama warushaji wa msimu mpya nimeshawapanga. Nimemwambia apange mwenyewe. Alikaa mbele ya skrini muda, hajui aanzie wapi. Ningeweza kumwonyesha. Nikaenda kuanika nguo.

Jumatatu, 11 Oktoba

Nimeanzisha timu yangu. Ile ya mwisho kabisa kwenye orodha ya mchezo, hakuna anayeitaka. Wapigaji wangu, warushaji wangu.

Khalfan karudi kazini, kasimama nyuma ya kiti changu. Kauliza hii ya nani. Yangu. Alingoja kidogo, labda nimsogezee nafasi. Kisha akaenda kuoga.

Mchezo wa kwanza nimeshinda. Nikageuka kutaka kumwambia. Bafuni maji yanamwagika. Nikafungua mchezo wa pili.