Mduara wa Maombi

Jumatatu, 3 Machi
Wengi hukosea hapa: hudhani umbea ukifungwa kwa Amina unageuka sala. Leo nimejionea. Kwenye mduara wa maombi wa asubuhi kila mwanafunzi hutaja hitaji. Kinanda — yule binti anayepigia kwaya kinanda — akafumba macho, akasema kwa sauti tamu: tumkumbuke dada yetu Twiga, baba yake yuko gerezani. Darasa zima, Amina! Twiga alikuwa amemnong'onezea siri hiyo yeye peke yake, bwenini. Shingo ndefu ile yote — ikainama.

Jumanne, 4 Machi
Mchungaji wa shule amewaita wote wawili. Dakika tano: peaneni mikono, tuombe, yamekwisha. Twiga akasema amesamehe, harakaharaka, kama mtu anayefunga dirisha mvua isiingie. Mchungaji, anayeniita Bibi kama shule nzima, akaniambia, "Umeona, Bibi? Watoto hawana kinyongo."

Mchana nikasikia Twiga amempigia mama yake simu aje amchukue. Anahama shule.

Nimekaa stoo ya vifaa, zamani karakana ya marehemu mume wangu. Alifundisha useremala hapa miaka ishirini na saba. Ukimjia na neno, aliweka randa chini, akakung'uta mikono, akakaa. Hakusema anakusikiliza. Alikaa tu. Mwenye shahada ni mimi, lakini aliyejua kusikiliza ni yeye. Nikimtania kwamba mbao zimemfundisha kunyamaza, alikuwa akijibu, "Na wewe chaki imekufundisha kujibu." Leo hata harufu ya maranda haipo. Rimu za karatasi, na printa mbovu.

Alhamisi, 6 Machi
Kipindi cha stadi za mawasiliano. Somo la hotuba nimeliweka kando. Nimeandika ubaoni: kuomba msamaha ni kulitaja kosa, kisha kunyamaza. Wakajaribu wawili wawili. Mmoja akaanza, "Samahani kama nilikukwaza." Mwenzake, "Kama? Mkate wangu umeula wote, hakukuwa na kama!" Nimecheka hadi miwani ikaanguka.

Kinanda hakucheka. Kengele ilipolia alibaki.

"Bibi, mimi nilimwombea kweli."

"Najua, mjukuu wangu. Ulimuuliza kwanza?"

Akachezea kifungo cha shati. "Si ndivyo tulivyofundishwa? Kwamba hitaji la mwenzako ni lako?"

Swali hilo limenifuata mpaka nyumbani. Mduara ule niliuanzisha mimi, mwaka wangu wa pili kazini. Wasichana kumi na wanane, mabenchi mapya, na mimi bado nina sauti ya kuimba. Walisema yote, wakalia, wakakumbatiana, nami nikayaona machozi yale kuwa matunda. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyelia kwa sababu siri yake imetoka nje. Lakini ulikuwa mzuri, mduara ule! Mpaka leo naukumbuka kwa tabasamu. Hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne asubuhi. Mama Twiga amefika. Sanduku la binti liko mlangoni, limefungwa kamba.

Wasichana wako stoo. Twiga alikubali kumsikiliza mwenzake, lakini akasema, "Dakika mbili, Bibi, na asiniombee." Nilipopita nimemsikia Kinanda: "Uliniambia mimi tu, nikawaambia watu arobaini. Nilitaka wanione nina upendo." Kisha kimya. Kimya kirefu. Sijui ni cha namna gani.

Mama amekaa chumba cha walimu, mkoba mapajani. Mpole. Amechoka. Sikusikia hata neno la ugomvi. Ameniuliza tu, "Mama, ni nani aliyewafundisha watoto kuanika mambo ya nyumba za watu mbele ya Mungu?"

Nikasema ngoja nikuletee maji.

Miaka thelathini na minne nafundisha watu kusema — nimekimbilia maji! Niko jikoni, daftari juu ya meza, glasi imeshajaa. Huko ndani anasubiri jibu.

Weka kalamu. Ingia, kaa, umwambie: ni mimi.