Wafiwa Juu ya Pamba

Jumatatu, 8 Julai 1974
Grisi, maji ya rejeta, rozari. Kama kila asubuhi. Mke wangu, Mama Kulwa, kanifungia michembe, vile viazi vikavu, na maziwa mgando. Nakwenda Ushirombo kuchukua pamba ya chama cha ushirika. Lori langu likipanda mlima linaimba kama padri aliyechoka. Nalipenda. Mungu anisamehe, nalipenda kupita kiasi.

Jumatano, 10 Julai
Sijui nianzie wapi.
Nimetoka Ushirombo nimejaza magunia hadi juu. Njiani wafiwa wamesimama, mbele yao mama mzee, Mayu Kabula. Kaka yake anazikwa leo kijijini kwao, ng'ambo ya mto, na gari hawana. Bima yangu kubwa ni ya lori na mzigo tu. Bwana wa bima alinieleza waziwazi: mtu akipanda juu ya mzigo, bima haipo. Lakini kwetu wafiwa hawapitwi. Anayewapita, yeye atazikwa na nani? Nikasimama. Wakapanda.
Mtoni, maji yamekauka, ukingo ukameguka chini ya gurudumu. Lori likalala ubavu, taratibu, kama ng'ombe anayetafuta usingizi. Magunia yakapasuka, watu wakaangukia pamba. Hakuna aliyeumia. Nimetokea dirishani nikawaona wamekaa katika weupe ule, kimya, jua nyuma yao. Nikadhani tumekufa sote, tumeshafika.
Ndipo Mayu Kabula akasema, "Baba Kulwa, kama mbinguni ndiyo huku, mbona magoti bado yananiuma?"
Wakacheka, wafiwa wale. Mimi nikalia. Wakaenda mazikoni kwa miguu, pamba nyweleni.

Ijumaa, 12 Julai
Chesi ya lori imepinda. Bima isipolipa, sina lori tena. Na bila lori sijijui mimi ni nani. Mkaguzi wa bima anakwenda mtoni Jumatatu.
Masanja, dereva mwenzangu, kaja nyumbani. "Sema ulibeba pamba. Pamba haitoi ushahidi."
Wafiwa nao wametuma mtu na jogoo. Kijiji kizima kimekubaliana: hakuna aliyepanda. Wataapa. Hata katekista ataapa! Wananipenda. Hilo ndilo linaloniumiza.
Nimemwuliza Mama Kulwa. "Mimi nalitaka lori," kasema. Akaendelea kupepeta mtama.

Jumapili, 14 Julai
Misa hapa Ngokolo. Injili sikuisikia. Baada ya ugali nikapitiwa na usingizi. Nimeota pamba inanyesha juu ya mto mkavu, inatua bila sauti, na wale wafiwa wamo ndani yake. Wananiuliza kwa upole kabisa: "Sisi hatukuwepo?"
Nimeamka. Naogopa.

Jumatatu, 15 Julai
Mkaguzi ni mtu mpole. Viatu vyake vilijaa mchanga. Wanakijiji walijipanga ukingoni kama kwaya.
"Ndugu, juu ya mzigo kulikuwa na watu?"
"Hakuna!" wakajibu wote, kabla sijafungua mdomo.
Nikasema walikuwepo. Nikiwakana, nitakuwa nimewapita barabarani.
Mayu Kabula akafoka: "Mjinga wewe, mwanangu! Mjinga wa kuzaliwa!" Huku kanishika mkono, hauachii.
Mkaguzi akaniuliza kama najua maana ya nilichosema. Nikasema najua. Akaandika. Aliponiaga alivua kofia.
Sina raha. Nilidhani ukweli unaleta raha.

Jumatano, 17 Julai
Sijalala vizuri. Mama Kulwa anapika, anatenga, anaondoka.

Alhamisi, 1 Agosti
Jibu la bima limekuja. Hawalipi.
Mama Kulwa akaniambia nivae shati safi, nikaliangalie lori. Nikapanda basi, nikashuka njia panda, nikaenda kwa miguu.
Wanakijiji wamelivuta kwa ng'ombe wa plau, liko juu ukingoni. Pamba ya chama waliiokota yote, wakaipeleka wenyewe kwa mikokoteni. Masanja amesema tutaendesha lori lake kwa zamu.
Njia ile ni fupi, lakini nimefika jua limeshuka. Kila mji, kila kaya, walinisimamisha. Kaa, Baba Kulwa. Kula kwanza. Unakwenda wapi peke yako?