Sanduku la Agano na Kikapu cha Baba

Bagira, Jumamosi. Mvua haijakatika tangu asubuhi na ziwa halionekani. Moyo wangu hautulii.

Leo shirika letu, yaani familia chache za mtaa zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba, lilikuwa kwa Maman Nzigire. Mwanawe Bahati alifukiwa na chimbo la dhahabu kule Kamituga, siku ya Jumapili. Hawakuweza kumtoa. Yuko chini hadi leo.

Papa Cizungu, kiongozi wetu, alichagua somo la yule mtu aliyenyoosha mkono kulizuia Sanduku la Agano ng'ombe walipojikwaa, akafa papo hapo. Kisha akasema, akitazama mlango badala ya kumtazama mwenye nyumba, "Mungu iko mutakatifu. Haiko wa kuchezea. Ile chimbo ilianguka siku gani? Siku ya Mungu!"

"Na butiki yako, Papa, inafungwaka siku gani?" Maman Nzigire akamuuliza.

Wengine walicheka kidogo, maana duka lake halifungwi hata Jumapili.

Tulipoagana Maman Nzigire alinishika koti. "Muzee, weye unasomaka sana. Uniambie kweli. Kesho padri ataita majina ya marehemu. Kama ni Yeye aliua mutoto wangu, jina ya Bahati nitaitosha, isisomwe. Sitamuombea kwa ule alimuua."

Nikamjibu, "Nitafikiri, maman."

Nitafikiri! Nimesoma maandiko ya Waebrania miaka yote hii ya kuishi mbali na kwetu, na hilo ndilo neno nililompa mama aliyefiwa.

Nimerudia ukurasa ule wa Sanduku. Sitaki kuupunguza makali. Maana ya kitu kisichoguswa naijua. Kwetu Shabunda baba alikuwa mzee wa bwami, chama cha wakubwa wa Warega, na kikapu cha vitu vya bwami kilikaa mahali ambapo sisi watoto hatukunyoosha mkono. Si kwamba kikapu kilikuwa na hasira. Hakikuwa chetu tu. Kilikuwa cha wote, walio hai na waliotangulia.

Tulipokimbia vita, baba aliteleza katikati ya mto. Kikapu kikamponyoka. Dada yangu akakidaka.

Alisimama ndani ya maji amekikumbatia, anangoja laana. Baba alikipokea. Kisha akaishika mikono ya binti yake, akainawisha kwa maji ya mto, polepole, huku analia. Mwiko ulibaki mwiko. Na dada yangu hakufa.

Hilo ndilo linalonisumbua. Katika ukurasa ule hakuna aliyenawishwa mikono.

Lakini jioni hii nimesimama mahali nilipopita mbio mara nyingi: Daudi alikasirika. Mfalme mwenyewe, aliyekuwa akicheza mbele za Mungu, alikasirika, akaogopa, akakataa kulipeleka Sanduku kwake. Mwandishi hakuificha hasira hiyo, wala Daudi hakupigwa kwa ajili yake. Na manabii wanaponguruma juu ya hukumu, mara nyingi wanawangurumia wanaowala maskini. Bahati alikuwa miongoni mwa walioliwa.

Bahati hakugusa Sanduku. Aligusa udongo, akitafuta chakula.

Kesho, kabla ya misa, nitaenda kwa Maman Nzigire na beseni la maji. Hapa tukitoka makaburini tunanawa mikono. Yeye hakupata kaburi, hajanawa. Nitamnawisha. Nitamwambia kwamba sijui kwa nini yule mtu alikufa, kwamba neno la Papa Cizungu silikubali, na kwamba mtu anaweza kumkasirikia Mungu na bado akalitaja jina la mwanawe mbele yake.

Akiliondoa jina, sitamzuia.

Na mimi? Nataka Mungu afanane na baba yangu pale mtoni. Je, huko ni kumwamini, au ni kumfundisha kazi yake?