Hukumu Haikugusa Kaburi

Tunduma, 3 Juni 1996

Mama mpendwa, shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni wewe hapo Isongole kwa shangazi na hicho kifua.

Mama, tumeshinda! Jaji amesema kijiji kilikufukuza kwa kura bila kukusikiliza, na Katiba inataka mtu asikilizwe kwanza. Tena raia anaishi anapotaka. Azimio lao kwamba ulituma radi ni batili, yaani lihesabiwe kama halikuwahi kuwepo. Rudi Ibaba, mama. Nakala ya hukumu hii hapa, usiikunje sana.

Mwanao, Asajile

Ibaba, 29 Juni 1996

Mwanangu Asajile, marahaba. Kifua kimepoa.

Nyumba ipo. Hakuna aliyenifukuza. Wala hakuna aliyenisalimia. Kisimani wanawake wanachota na kucheka kama sipo, na jirani yetu Anastazia aliweka ndoo yake juu ya mguu wangu.

Nyuma ya nyumba nimekuta kaburi langu. Nilipokuwa Isongole walizika mgomba, kama tunavyomzikia aliyepotelea mbali. Matanga yamekwisha, nywele wamenyoa. Nilimpelekea mwenyekiti Sadoki hukumu. Akaisoma yote, kisha akamwambia mkewe, "Funga mlango, upepo unaingiza makaratasi."

Naogopa, mwanangu. Jana nilijiita jina langu kwa sauti ili nilisikie. Njoo ufukue huo mgomba, nihesabiwe hai tena. Unajua hapa kwetu mtoto wa mzikwa ndiye anayefukua, mwingine hawezi.

Mama yako

Tunduma, 15 Julai 1996

Mama, shikamoo. Sisi wazima.

Nimemwuliza wakili. Amecheka, kasema hakuna sheria ya kumlazimisha mtu aamkie. Hata hivyo tunaandaa maombi mengine mahakamani. Hao ni washamba tu, watachoka. Vumilia wiki chache, kaburi la mgomba halimdhuru mtu.

Mwanao, Asajile

Ibaba, 10 Agosti 1996

Mama,

Naiacha barua hii mezani kwako. Nimefika asubuhi, nimekuita mpaka sauti imekauka. Jikoni makaa yana moto. Sadoki kanipa mkono, kasema, "Pole na msiba."

Nimefukua. Mgomba sikuuona. Nimekuta kitenge chako cha njano nilichokununulia Nakonde, basi nikajua ni wewe uliyelala humo. Nimefukia tena, nimeomba. Nisamehe kwa kuchelewa.

Asajile

Ibaba, 10 Agosti 1996

Mwanangu Asajile,

Barua yako ya leo haina shikamoo. Ni ya kwanza tangu ujue kuandika.

Nimeisoma ukiwa bado unaiandika. Nilisimama begani kwako. Uliponiita niliitika kila mara, ukanipita mlangoni ukaenda kuchukua jembe. Kitenge hicho walikitoa sandukuni mwangu wakauvika mgomba, na mgomba huoza, baba. Wewe mtoto wa Ibaba umesahauje? Ulipoanza kufukia nilikushika mkono wenye mpini. Ukajipangusa kama mtu aliyetuliwa na inzi.

Wao walinizika bila kunisikiliza. Wewe nawe?

Barua hii naitia kwenye koti lako ukiwa unanawa udongo. Utaigusa ukitafuta nauli. Ukiisoma nitakuwa nimekufuata mpaka kwenye lori la viazi, nipo nyuma yako hapo, na mimi ni mzima.

Geuka uniamkie.

Mama yako