Maganda ya Ng'ombe wa Nyamwiza

Mjukuu wangu Deo,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Keza tu wazima, na shangazi yako sasa anatembea bila fimbo.

Unaniuliza kama upokee fedha za serikali upanue kiwanda chako cha sabuni itokanayo na taka. Swali lako limeniliza.

Wakati wa Waingereza, sabuni ilipoadimika kwa sababu ya vita, mama yangu alipika yake kwa mafuta ya ng'ombe na majivu ya maganda ya ndizi. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akampa mapipa na fedha apike nyingi. Nikawa nakusanya maganda yote, hata yale tuliyokuwa tukimpa ng'ombe wa Nyamwiza, mjane jirani yetu. Kiangazi hicho ng'ombe alikauka maziwa. Mjukuu wake, yatima aliyeishi kwa maziwa hayo, akafa.

Watu wa msiba wakaja kwetu kuomba sabuni ya kuoshea maiti ya mtoto. Mama aliitoa, akazima moto, na hakupika tena.

Fedha zipokee. Ila kwanza nenda ukaone nani anaishi kwa hizo mnazoita taka. Mimi sikwenda, na nyumba ya Nyamwiza ilikuwa nyuma tu ya migomba yetu.

Bibi yako,
Koleta