Jicho Langu na Glasi ya Boila

Yeoville, Johannesburg

Mdogo wangu Idi,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nakufahamu, ungeanza kusoma na kusahau kwamba mimi ni mkubwa wako, kwa hiyo nimejiitikia mwenyewe. Magoti yanasemaje? Na kile kikohozi? Shemeji yangu Zuhura bado anakuvumilia, au ameshatambua kwamba alikosea ndugu wa kuolewa naye? Mwambie nafasi bado ipo, ila afanye haraka, maana bidhaa yenyewe inachakaa.

Mimi ni mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Habari iko juu ya shingo. Usishangae herufi kuwa kubwa kama mbuzi, naandika kwa ile kalamu nene ya kuandikia maboksi, na bado nafuata mstari kwa kidole. Utasema kwa nini nisipige simu. Simu ni ya binti yangu Mwaju, na Mwaju huiweka sauti ya nje palepale saluni kwake, katikati ya wanawake wanaosukwa. Habari yangu ingefika Kinshasa kabla ya kufika Tabora. Barua hii anakuja nayo Mama Kidawa, Mtanzania mwenzetu anayeuza vitenge hapa mtaani. Anapanda basi kesho, na ameapa utaipata kabla ya Alhamisi ijayo.

Alhamisi ijayo napasuliwa jicho, Idi. La kushoto. Na hilo la kushoto ndilo pekee nililobaki nalo.

Sikukwambia. La kulia lilikufa kwa presha ya macho, kimyakimya, wala halikuaga. La kushoto limeingia mtoto wa jicho. Daktari, mwanamke mmoja asiyependa mzaha, aliniambia, "Baba, operesheni hii mara nyingi inakwenda vizuri. Ila wewe una jicho moja. Likiharibika, hakuna la akiba." Nikamwambia kuzaa mtoto uzeeni kuna taabu zake. Hakucheka. Siku aliyonipangia sikwenda, na aliyofuata nayo sikwenda. Mwaju nikamdanganya kwamba daktari kasema tusubiri kidogo. Nilijiambia kwamba ukungu nao ni kuona, lakini giza ni giza.

Nikawa naishi kwa mkono na sikio. Asubuhi moja nimeshuka barabarani nimejipamba, nikamsikia Papa Ilunga, fundi cherehani mwenye kibanda ubavuni mwa saluni, anapiga yowe mpaka mashine yake ikasimama: "Mzee! Ile shemizi iko ya nani? Umevala ya mutoto yako, yee!" Nikalitazama shati kifuani, nikaona rangi tu. Nikamjibu, "Hii ndiyo fasheni ya Tabora, wewe mtu wa Lubumbashi utajua nini?" Mtaa mzima ukacheka. Lakini baadaye akanisogelea, akauliza taratibu, "Mzee, unaona kweli?" Nikamwambia naona mpaka mawazo yako mabaya. Nikapanda juu kubadilisha nguo.

Sasa sikia lililotokea.

Unakumbuka nilikusimulia kwamba nimeokota chama cha wastaafu wanaotunza treni za mvuke. Wana karakana yao nje ya mji, na Jumamosi moja moja wanafunga mabehewa wanapeleka watu milimani kula nyama choma. Injini yao moja naipenda kuliko zote, namwita Bibi. Alitengenezwa Uingereza enzi za yule malkia mnene aliyevaa nyeusi miaka yote. Sisi wawili kule reli ya Tabora tulichoma mafuta mazito, unafungua koki unakaa kama bwana harusi. Bibi anakula makaa ya mawe, kwa beleshi, na hashibi.

Ukutani karakanani kuna picha ya dereva wake wa kwanza, Mwingereza mwenye ndevu kama fagio la chelewa. Mimi humwita Ndevu, na kila nikiingia namwamkia, maana kwa umri ananizidi. Wanasema alianza kama sisi, kufuta masizi, akawa fayamani wa kuchochea moto, mwisho akawa dereva, akaletwa huku kwa meli pamoja na injini yake. Akaiendesha mpaka macho yakamwishia. Walipompima wakamshusha, wakampa ufagio wa kufagia karakana. Akawa anafagia huku akimsikiliza Bibi anaondoka na mwanamume mwingine. Hapo mwanzo hadithi hiyo nilikuwa naichekea.

Dereva wa Bibi sasa ni mwanamke, Nomsa. Siku za kazi anaendesha treni za umeme za mizigo, Jumamosi anakuja kwa mapenzi tu. Beleshi analo Piet, mzungu wa hapa mwenye mgongo kama ng'ombe wa plau. Mimi, kwa heshima ya mvi, nilipewa kiti cha kushoto, kuangalia maji na kufungua injekta ya kuyasukuma boilani. Nomsa alipokuwa akiniuliza maji kwa Kiingereza nilijifanya kiziwi. Mpaka akajifunza kusema "Maji?" kama mtoto wa Urambo, nami namjibu kiasi, kama wewe ulivyokuwa unanijibu; mengine yake nakutafsiria.

Najua Zuhura anasoma juu ya bega lako, kwa hiyo ngoja nimweleze. Shemeji, glasi ni kijibomba cha kioo kilichosimama ndani ya kibanda cha dereva, kinaonyesha maji yaliyomo kwenye boila. Moto unawaka ndani ya sanduku la chuma, na maji lazima yafunike dari la sanduku hilo muda wote. Yakishuka dari likabaki tupu, chuma kinalainika, na boila inaweza kupasuka ikatupeleka wote kwa Muumba wetu bila tiketi. Kwa hiyo dereva akiuliza, unatazama, ndipo unajibu. Hakuna kujibu kwanza.

Bibi ana glasi mbili, moja upande wa dereva, moja upande wangu. Hapo ndipo nilipojificha. Nilikuwa najibu kwa kukisia, kwa muda ambao injekta imeimba, na Nomsa alikuwa ameshaitazama ya kwake kabla sijafunga mdomo. Nikajiona simdhuru mtu.

Jumamosi iliyopita nilimleta Mwaju, mara yake ya kwanza. Kakaa behewa la mbele na wasichana wake wa saluni, wamebeba mayai ya kuchemsha kama wanakwenda hija. Tukaanza kupanda mlima mrefu, Piet anatupia makaa, Bibi anakoroma vizuri. Mara paa! Glasi ya upande wa Nomsa ikapasuka. Mvuke ukajaa, vipande vya kioo vikaruka. Nomsa akajifunika uso kwa mkono mmoja, kwa mwingine akafunga koki. Mvuke ulipotulia akasema, "Eish. Mko salama?" Tukaitika. "Basi imebaki yako, Mkhulu." Mkhulu ni babu kwa Kizulu.

Halafu akauliza, "Maji?"

Nikajibu, "Nusu!"

Idi, nilikuwa sijaona kitu. Mdomo ulijibu wenyewe, kama unavyoitika hodi. Niliona mstari mweupe ndani ya ukungu mweupe. Nomsa akasema "sharp," yaani sawa kwa lugha ya hapa, akafungua mvuke zaidi, akarudi kutazama njia. Ameniamini. Nikasogeza uso mpaka joto likanichoma nyusi, nikageuza kichwa huku na huku kama kuku anayetazama punje. Hakuna. Nikamtazama Piet, kainama na beleshi lake, jasho linamtiririka, hana habari na dunia.

Nikaanza kuhesabu kichwani injekta niliifunga lini. Kabla ya daraja au baada? Sikukumbuka. Nilikuwa nimepiga soga na Piet kuhusu mke wake.

Na mbele ni kilele. Wewe huhitaji kuambiwa, ila Zuhura ajue: tukipanda, maji yanarudi nyuma juu ya moto, glasi inaonyesha mengi kuliko yaliyopo. Tukivuka kilele pua ikainama, yote yanakimbilia mbele. Kama yalikuwa machache, dari la moto linabaki uchi. Na behewa la kwanza nyuma yetu ndilo la Mwaju. Nilikuwa nasikia wasichana wake wanaimba.

Nikamwona Ndevu na ufagio wake. Nilijua nikisema tu, kiti hiki basi. Nikasema moyoni pengine ni nusu kweli. Mara ngapi nimekisia nikapatia?

"Maji, Mkhulu?"

Neno "nusu" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikaliuma.

"Sioni."

Akadhani ni mvuke. "Futa miwani, babu, kilele hicho."

"Siyo miwani, Nomsa. Ni mimi. Sioni glasi. Hata mara ile ya kwanza sikuona."

Alivuka kibanda kwa hatua moja, akainama kwenye glasi. Sikuuona uso wake vizuri lakini niliisikia pumzi yake ikikatika. Akarudi akafunga mvuke, akakamata breki, Bibi akasimama palepale mlimani, akihema. "Piet, wacha makaa! Mkhulu, injekta!" Hiyo niliijua kwa mkono. Nikaifungua, ikakohoa, ikakataa. Nikaifunga, nikaifungua tena pole pole, ikashika na kuanza kuimba. Nomsa akaniambia maji yalikuwa chini kabisa, kiasi cha ukucha, na sisi tumeelekeza pua juu. Baada ya kilele yasingeonekana kabisa.

 Watatu tunasikiliza injekta tu, Nomsa macho kwenye glasi. Huko nyuma abiria wameanza kupiga kelele. Mwaju akatoa kichwa dirishani, "Baba! Kuna nini?"

"Bibi ana kiu!" nikamjibu. "Endeleeni kula mayai!"

Watu wakacheka. Nomsa hakucheka. Maji yalipofika anapopataka akavuka kilele taratibu, mwenyewe akitazama glasi kila mara, mpaka kituo kilichofuata. Akasema, "Shuka, ukakae na abiria." Nikavua glavu nikashuka. Ngazi ile nimeishuka ujana wangu wote, lakini siku ile nilipapasa chuma mpaka nikapata ardhi.

Mwaju nikamwambia ukweli, wote, mpaka wa daktari. Nilitaka anifokee, mtoto huyu kwa kufoka amemrithi marehemu mama yake. Hakufoka. Alinishika mashavu, akanigeuza kuelekea dirishani, akanitazama ndani ya jicho kama anatafuta chawa. "Baba, hivi ni vidole vingapi?"

"Vya kwako au vya daktari?"

Akaanza kulia na yai mkononi.  Idi, afadhali boila.

Siku chache baadaye Nomsa alikuja Yeoville. Nikadhani kaja kusamehe, nikaita chai. Chai hakunywa. Aliweka kofia yangu ya kazini mezani, halafu akaichukua tena. "Sijaja kukurudishia," akasema. "Nataka ujue iko kwangu. Itakaa kwenye msumari wake karakanani. Kapasuliwe. Ukiona, njoo uichukue mwenyewe. Usipoona, nitakuletea hapahapa, na sitakupa ufagio ili ujione bado una kazi."

Nikamuuliza, "Umenikasirikia?"

"Nilikuwa na mabehewa ya watu nyuma yangu, Mkhulu, nawe ukaniambia nusu." Akaenda mlangoni, akageuka. "Lakini mwisho ulisema."

Ndiyo hivyo. Tarehe ya kupasuliwa safari hii Mwaju ameiandika kwenye kioo kikubwa cha saluni kwa rangi ya midomo, kila mteja anaisoma. Papa Ilunga amenishonea shati jipya la hospitali, lenye vifungo mbele nisilivute juu ya bandeji, na kola nyekundu ili, anasema, nisichanganye tena na la binti. Sina pa kutorokea. Naogopa, mdogo wangu. Nakula na sishibi. Jana nimekaa mlangoni nikatazama kila kitu kinachopita, teksi, vitenge, mtu na baiskeli, kama mtu anayepakia mizigo.

Nimekufikiria sana. Nilikuwa nakuita Kobe, unakumbuka? Mimi dereva wako nauliza maji, wewe unachukua tambara, unafuta glasi, unatazama, unatazama tena, mimi natukana wazazi wako ambao ni wazazi wangu, ndipo unajibu. Jina hilo nimelifuta. Kwa wiki moja.

Nisalimie dada yetu mkubwa Hawa, mwambie udi wake naufukiza, haujaisha. Msalimie mjomba Saidi na meno yake mapya, aangalie asiyameze. Watoto wa marehemu kaka waambie baba yao mdogo anawataka wasome, asije mwingine akaishia darasa la nne kama mimi na kuandika herufi za mbuzi. Zuhura msalimie peke yake, usikilize nje ya mlango.

Na wewe nina kazi moja nakupa. Ijumaa asubuhi watanifungua bandeji. Mwaju atakupigia, simu ataniwekea sikioni, sauti ya nje au ya ndani sitajali. Usinipe pole wala dua, dua uziombe kabla. Uliza neno moja tu, kama dereva: "Maji?" Mwaju atakuwa amesimama mbele yangu na glasi ya kunywea, amejaza kiasi anachojua yeye peke yake. Ukisikia nimekaa kimya, usikate simu na usinitukane. Ujue natazama.

Kaka yako mkaidi,
Shabani